Huu Uharibikao: maana ya kutoharibika katika lugha na katika imani ya Kikristo

Jeneza likishateremshwa, kabla koleo la kwanza la udongo halijasikika juu ya ubao, mara nyingi husomwa maneno ya Paulo kwa Wakorintho: "Hupandwa katika uharibifu, hufufuliwa katika kutokuharibika." Nimeyasikia makaburini tangu utotoni, na kwa miaka mingi yalinipita tu. Neno lenyewe, kutokuharibika, lilikuwa refu, la kanisani, halina pa kulishikia. Nilipokuja kulichunguza kwa utulivu nilikuta ni neno ambalo watu wamewahi kuligombania hadi kung'oana kwenye viti vya uaskofu, na kwamba Kiswahili chetu cha kila siku, kile cha gereji na jikoni, kina njia nzuri sana ya kulifikia. Sharti mtu aanze na kitenzi chenyewe.

Sikiliza tunavyokitumia. Gari limeharibika, abiria wameshuka wanasubiri kando ya barabara. Maziwa yameharibika. Mimba imeharibika. Hali ya hewa imeharibika, mashua hazitoki. Mtoto wa fulani ameharibika tangu apate marafiki wale. Mipango ya harusi imeharibika dakika za mwisho. Kitenzi kimoja kinatembea kutoka kwa fundi mpaka wodini, kutoka jikoni mpaka kwenye kikao cha ukoo, na hakuna msikilizaji anayeshangaa. Kinachounganisha matumizi yote haya ni kwamba kila kitu hapo kilikuwa na kazi au hatima yake, na sasa hakiwezi tena kuifikia. Gari lililoharibika huenda linang'aa kuliko lililo zima, ila haliendi.

Kuoza ni jambo dogo zaidi, ni aina moja tu ya kuharibika. Na Kiswahili hakikukosa maneno ya aina hizo. Wali unachacha, mafuta yanachina, nyama inavunda, mahindi yanabunguliwa ghalani, kanga inapauka, ua linanyauka, bati linashika kutu, nguo inachakaa. Kila kitu kina njia yake ya kwisha na lugha imeipa kila njia jina. Waliotafsiri Biblia ile inayoitwa ya Muungano, iliyotoka nzima mwaka 1952, wangeweza kuchukua mojawapo ya maneno hayo. Wangeweza kuandika kwamba wafu watafufuliwa katika kutooza. Wakachukua neno mama linaloyakusanya yote, na nadhani walifanya vyema kuliko wengi wetu tunavyotambua.

Maana kutooza peke yake si sifa. Ng'onda haozi. Samaki huyo amepasuliwa, akatiwa chumvi, akaanikwa juani, na anaweza kukaa dukani wiki na wiki. Lakini hatarudi baharini. Haozi kwa sababu kila kilichokuwa hai ndani yake kimekaushwa. Mfuko wa plastiki nao hauozi, na ndiyo sababu Rwanda iliupiga marufuku mwaka 2008, Kenya mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019. Mwili uliodungwa dawa mochwari hauozi kwa muda, na familia inashukuru kwa kuwa ndugu walio mbali watawahi kufika, ila hakuna anayeona kwamba dawa ile imemshinda aliyemchukua mpendwa wao. Kuhifadhi ni kuchelewesha. Paulo hakuwa anazungumzia kuchelewesha.

Neno haribu tumelitoa katika Kiarabu, katika mzizi kharaba, wenye habari za kubomoka na kuwa gofu. Kuna mzizi mwingine wa Kiarabu uliotufikia, fasada, ambao ndio uliotumiwa na waliotafsiri Biblia ya Kiarabu mahali hapa: kwao mwili hupandwa katika fasad, na kufufuliwa pasipo fasad. Sisi mzizi huo ulitupa fisadi na ufisadi. Zamani fisadi alikuwa mtu wa uasherati, mharibu wa wake za watu. Leo ni yule anayekula fedha za umma. Lau neno hilo lingeingia katika Wakorintho, mazishini tungesikia kwamba marehemu "hupandwa katika ufisadi", na ingebidi mchungaji atumie nusu ya mahubiri kumtetea marehemu. Lakini ndugu hawa wawili, kharaba na fasada, wanatukumbusha jambo ambalo tutalikuta tena: kuoza kwa nyama na kuoza kwa tabia huwa havikai mbali.

Sasa tuingie kwenye sarufi kidogo, kwa sababu hapa ndipo siri kubwa ilipo. Kile kiambishi cha -ik- katika haribika ndicho walimu wanachokiita kauli ya kutendeka, na kina kazi mbili. Tukisema "kikombe kimevunjika" tunataja hali: jambo limekwisha kutokea. Tukisema "kikombe hiki hakivunjiki" tunataja uwezo: hata ukikidondosha sakafuni, kuvunjika hakumo ndani yake. Vivyo hivyo njia inapitika, mwandiko unasomeka, mzigo haubebeki. Basi "isiyoharibika" nayo inaweza kusikika kwa namna mbili. Ya kwanza: ambayo haijaharibika. Ya pili: ambayo haiwezi kuharibika. Pakiti ya maziwa ya muda mrefu iliyo dukani haijaharibika, na ubavuni imepigwa tarehe inayokuambia lini hayo yatakoma kuwa kweli. Kitu cha namna ya pili hakina mahali pa kupigwa tarehe.

Jambo linalonifurahisha ni kwamba Kigiriki alichoandikia Paulo kina utata uleule. Neno lake ni aphthartos. A- ya mwanzo inakanusha. Phthar- ni mzizi wa kuharibu. Na ile -tos ya mwisho, sawasawa na -ik- yetu, huweza kutaja kilichotendwa au kinachotendeka. Kwa hiyo aphthartos ni kitu kisichoharibiwa, au kisichoharibika kamwe, na msomaji huamua kwa kutazama muktadha. Lugha mbili zisizo na undugu wowote zimefika kwenye njia panda ileile. Liweke hilo akilini, msomaji wangu, maana karne tano baada ya Paulo njia panda hiyo iligawa kanisa.

Nomino yake, aphtharsia, kwetu ikawa kutoharibika au kutokuharibika. Hatuna nomino fupi. Tunatumia kitenzijina kilichokanushwa. Ile -to- ya katikati wanasarufi huihusisha na kitenzi kutoa, kama kwamba kuharibika kumetolewa, kumeondolewa kabisa katika kitu. Nayo ni desturi ya lugha ya imani kumtaja Mungu kwa vile asivyo: asiyeonekana, asiyekufa, asiyebadilika. Tunasema hivyo kwa sababu maneno yote tunayoyajua yamefinyangwa kutokana na vitu vinavyopita.

Kabla ya Wagiriki walikuwapo Waebrania, na kwao kuna mzizi shachat. Katika Mwanzo sura ya 6 unapigwa kama ngoma, mara baada ya mara. "Dunia ikaharibika mbele za Mungu". Kila mwenye mwili ameiharibu njia yake. Basi Mungu asema atawaharibu pamoja na dunia. Uovu wa watu na gharika inayowafuata vinatajwa kwa mzizi mmoja, kana kwamba adhabu ni kosa lenyewe likiachwa liende mpaka mwisho wake. Msomaji wa Kiswahili anauona uzi huo bila kuelekezwa, kwa kuwa haribu yetu inafanya kazi ileile. Ziko lugha ambazo mtafsiri hulazimika kutumia maneno mawili au matatu tofauti hapo, na uzi ukakatika.

Lakini mzizi huo una fumbo lake. Katika Zaburi 16:10 mtunzi anamwambia Mungu kwamba hatamwacha mtakatifu wake aone shachat. Nomino hiyo ya Kiebrania husomwa pia kuwa shimo, yaani kaburi, na kwa kuwa nusu ya kwanza ya mstari huo imetaja kuzimu, wafasiri wengi wa leo huandika shimo. Wayahudi waliotafsiri Zaburi kwa Kigiriki kabla ya Kristo waliandika diaphthora, uharibifu. Tofauti inaonekana ndogo, ila hotuba ya Petro siku ya Pentekoste inasimama juu yake. Daudi, asema Petro, alikufa akazikwa, na kaburi lake liko kwetu hata leo. Kwa hiyo hakuwa akijisema mwenyewe. Paulo anarudia hoja hiyo katika Matendo 13: Daudi aliona uharibifu, aliyefufuliwa na Mungu hakuuona. Ukisoma shimo, Yesu naye alilala shimoni siku tatu. Ukisoma uharibifu, kaburi lilimpokea lakini halikuanza kazi yake juu yake. Mtafsiri wa Kiswahili alifuata njia ya mitume, akaandika uharibifu hata katika Zaburi yenyewe.

Twende Korintho. Paulo alikaa huko mwaka mmoja na nusu, karibu na mwaka 51, na mwendo wa saa chache kutoka mjini palikuwa na uwanja wa Isthmia, ambako michezo mikubwa ilifanyika kila baada ya miaka miwili. Mshindi hakupewa fedha uwanjani. Alivikwa taji la majani. Olimpia walitumia mzeituni mwitu. Isthmia walitumia msonobari, na vipindi vingine majani ya seleri, tena yaliyokwisha kukauka. Kwa hiyo Mkorintho aliposoma kwamba wanariadha hujinyima yote "wapokee taji iharibikayo, bali sisi tupokee taji isiyoharibika", alikuwa amekwisha kuliona lile taji likiwekwa juu ya kichwa chenye jasho hali limenyauka tayari.

Sura ya 15 ya barua hiyohiyo ndiyo moyo wa mambo yote. Watu husoma sehemu ya mwisho na kuruka mstari wa 33, ambao unaonekana kama methali iliyopotea njia: mazungumzo mabaya huharibu tabia njema. Ni mstari uliojulikana kwa Wagiriki kutoka tamthilia za Menander. Kwa nini upo katikati ya mjadala wa ufufuo? Kitenzi alichotumia Paulo hapo, phtheirousin, ni mzizi uleule wa uharibifu wa mstari wa 42. Wazee wetu wana usemi unaoelekea hukohuko: samaki mmoja akioza, wote wameoza. Uharibifu huambukiza. Umo mwilini, umo katika urafiki, umo katika namna watu wanavyoongea. Na Paulo, kabla hajazungumzia makaburi, anataka Wakorintho wajue kwamba wameshaanza kuharibika wakiwa hai.

Kisha inakuja mbegu. Mkulima anajua tofauti kati ya punje iliyobunguliwa na punje iliyopandwa. Zote mbili hazitaonekana tena kama zilivyokuwa. Moja imeliwa na dumuzi ikabaki unga, nyingine imepasuka ardhini ikatoa chipukizi. Paulo anachagua kitenzi kupanda badala ya kuzika, mara nne mfululizo. Hasemi kwamba marehemu hataoza. Anakubali uharibifu waziwazi, anautaja kwa jina lake mbele ya wafiwa, na hilo peke yake ni la kushukuriwa, kwa kuwa faraja nyingi tunazopeana msibani hukwepa kulitaja.

Hapo pia ndipo wengi hukwama kwa "mwili wa asili" na "mwili wa roho". Msomaji hudhani mwili wa roho ni mwili uliotengenezwa kwa roho, kitu kama moshi au kivuli. Maneno ya Kigiriki yana mwisho wa -ikos, ambao hapo hutaja kinachouendesha mwili kuliko malighafi yake. Mashua ya tanga haikushonwa kwa upepo. Inakwenda kwa upepo. Mwili wa roho ni mwili kweli, unaoishi kwa Roho wa Mungu, na kwa sababu hiyo uharibifu hauna pa kuingilia.

Paulo anaweka maneno mawili sambamba: kutoharibika na kutokufa. La pili, athanasia, ni jembamba zaidi. Linahusu kifo tu. Kitu kinaweza kuishi bila kufa na bado kikawa kimeharibika, na sijui kama kuna jehanamu mbaya kuliko hiyo. Ndiyo maana umilele pekee hautoshi kuwa habari njema. Milele ni urefu wa muda, kutoharibika ni afya ya kile kinachodumu.

Petro anaongeza jambo ambalo mtu wa kemia angelipinga. Anasema tulikombolewa si kwa vitu viharibikavyo, kwa fedha au dhahabu. Fedha sawa, hupata weusi. Lakini dhahabu? Haishiki kutu, pete inayochimbuliwa baada ya miaka 2,000 hutoka inang'aa vilevile. Petro alijua hivyo, kila mtu alijua, na ndiyo sababu dhahabu ilipendwa. Akaiweka palepale pamoja na vinavyoharibika. Kwake kipimo si kudumu. Dhahabu ni sehemu ya ulimwengu unaopita, na haiwezi kumpa mtu kile isichokuwa nacho, yaani uhai.

Katika barua hiyohiyo anauita urithi wa waumini "usioharibika, usio na uchafu, usionyauka". Kwa Kigiriki maneno yote matatu yanaanza na a-, yanatoka mdomoni kama ubeti. Hilo la tatu ni amarantos, na wataalamu wa mimea walilichukua baadaye kulipa jina kundi la Amaranthus, kwa kuwa baadhi ya mimea yake hutoa maua yanayobaki na rangi hata yakikauka. Kundi hilo sisi tunalijua vizuri: ni mchicha. Mama anayeuza mchicha sokoni, anayeunyunyizia maji kila baada ya nusu saa usisinyae kwenye jua la saa sita, anashika mkononi mmea uliobeba jina la kutonyauka. Sijaweza kununua fungu la mchicha tena bila kuukumbuka mstari huo.

Vizazi vilivyofuata mitume vililishika neno hili kwa mapenzi. Ignasi wa Antiokia, akiwa njiani kwenda kuuawa Roma mwanzoni mwa karne ya 2, aliwaandikia Waefeso kwamba Bwana alikubali kumiminiwa marhamu kichwani ili alipulizie kanisa harufu ya kutoharibika. Kutoharibika kunanukia! Anayejua udi na asumini anaelewa alichomaanisha: harufu njema ni kinyume cha uvundo, nayo haikai mahali pamoja, hujaza nyumba. Karibu mwaka 180 Ireneo wa Lyon alipambana na waliodharau mwili, ambao silaha yao ilikuwa mstari wa Paulo mwenyewe kwamba nyama na damu haziwezi kuurithi ufalme wa Mungu. Ireneo akajibu kwamba ni kweli nyama haiurithi ufalme kwa nguvu zake. Hurithiwa na Roho, kama vile bibi arusi haoi bali huolewa. Na tungeunganishwaje na kutoharibika, aliuliza, kama Yeye asiyeharibika asingekuwa kwanza vile tulivyo sisi? Baada yake Atanasi wa Aleksandria, ambaye jina lake lenyewe latokana na athanasia, alieleza kwamba mwanadamu aliumbwa kutoka pasipo kitu, na akimwacha Mungu huanza kurudi alikotoka. Uharibifu, kwake, ni safari ya kurudi kwenye utupu.

Sasa lile pigano nililoahidi. Mwaka 518 kaisari mpya Justino alipopanda kitini, maaskofu wengi waliopinga Mtaguso wa Kalsedonia, mkutano wa maaskofu wa mwaka 451 uliotangaza kwamba Kristo ana asili mbili, ya Mungu na ya mtu, walifukuzwa, na wawili kati yao wakakimbilia Misri: Severo wa Antiokia na Juliano wa Halikarnaso. Walikuwa upande mmoja, wamefukuzwa kwa sababu moja. Huko uhamishoni likazuka swali: mwili wa Kristo ulianza kuwa wa kutoharibika lini? Juliano alisema tangu tumboni mwa mama yake. Uharibifu uliingia kwa dhambi ya Adamu, Kristo hakuwa na dhambi, basi uharibifu ungemgusaje? Hakukana kwamba aliteseka. Alisema aliteseka kweli, kwa hiari yake, mwili usiodaiwa na kifo ukijitoa kwa kifo. Severo akaona hatari. Kama mwili ule haukuwa na njaa kama njaa yetu, uchovu kama uchovu wetu, basi ametuponya nini? Kwake kutoharibika kulikuja asubuhi ya ufufuo.

Wakaandikiana, wakakanushana, na wafuasi wao wakapeana majina. Wa Juliano waliitwa wanaodhani tu, kana kwamba wamefanya mateso ya Bwana kuwa mchezo wa macho. Nao wakawaita wenzao waabudu wa kiharibikacho. Mwaka 535 Aleksandria ilipata mapatriarka wawili, Theodosio wa upande wa Severo na Gayano wa upande wa Juliano, na ghasia zikafuata mitaani. Mwaka 565 Kaisari Justiniano mwenyewe, mzee anayekaribia kufa, alilikumbatia fundisho linalofanana na la Juliano na kumwondoa Eutikio, patriarka wa Konstantinopoli, aliyekataa. Kaisari akafa mwaka huohuo, na jambo likafa naye.

Nikisoma habari hizi naumia, kwa sababu naona watu wa Mungu wamesimama penye ile njia panda ya -tos na -ik- na kila mmoja ameshika tawi lake. Juliano alisikia "uharibifu" akafikiri juu ya dhambi na matokeo yake; kwa maana hiyo Kristo hakuharibika kamwe, na Severo angekubali. Severo alisikia neno hilohilo akafikiri juu ya njaa, kiu na misumari. Kwa maana hiyo Kristo aliharibika kweli pale msalabani, na sidhani kama Juliano angeweza kulikana hilo kwa moyo mkunjufu. Hayakuwa maneno matupu, kila mmoja alilinda kitu cha thamani. Ila ilichukua muda mpaka Yohane wa Damasko, katika karne ya 8, aliposema kwa utulivu kwamba neno uharibifu lina maana mbili. Moja ni mateso haya ya kibinadamu: njaa, kiu, uchovu, kuchomwa misumari, kufa. Nyingine ni mwili kusambaratika kabisa na kurudi kuwa udongo. La kwanza Kristo alilipokea; la pili halikumpata, kama zaburi ilivyosema. Kurasa chache tu, na fundo likalegea.

Miili ya watakatifu isiyooza ni habari nyingine ambayo huchanganywa na hii. Bernadeta Soubirous wa Lourdes alikufa mwaka 1879, kaburi lake likafunguliwa mara tatu, mwaka 1909, 1919 na 1925, na leo mahujaji humwona amelala kwenye sanduku la kioo mjini Nevers. Uso wanaouona umefunikwa kwa nta. Kanisa Katoliki halihesabu hali hiyo kuwa muujiza unaomfanya mtu atangazwe mtakatifu. Na huko Ugiriki, ambako desturi ni kufukua mifupa baada ya miaka michache, imani ya watu ilikwenda kinyume: maiti iliyokutwa haijaoza ilitia hofu, ikidhaniwa mtu huyo alikufa akiwa na laana ya kutengwa na kanisa, na padri aliitwa kumwombea afunguliwe ili ardhi imkubali. Ishara ileile, huku baraka, huku laana. Kwangu mimi hiyo yatosha kuonyesha kwamba kutooza hakusemi lolote mpaka tujue ni nani anayeshikilia uhai.

Na hapo linakuja swali linalowagawa Wakristo hata katika mtaa mmoja. Je, nafsi ya mtu haiharibiki kwa asili yake? Wanafalsafa wa Kigiriki wa shule ya Platoni walisema ndiyo: mwili ni gereza, nafsi ni ya milele, kifo ni kufunguliwa mlango. Makanisa mengi, Wakatoliki na Walutheri wakiwamo, hufundisha kwamba nafsi hubaki baada ya kifo, lakini husubiri mwili wake. Waadventista wa Sabato, walio wengi Kisii na Mara, huisoma barua ya kwanza kwa Timotheo isemayo Mungu peke yake hapatikani na mauti, wakasema wafu wamelala kabisa, hawajui neno lolote, mpaka parapanda. Nimekaa katika matanga yenye pande zote hizi chini ya turubai moja. Wanatofautiana juu ya kinachotokea kati ya kaburi na ufufuo, na tofauti hiyo si ndogo. Lakini hakuna kati yao anayeweza kusoma Wakorintho akasema kutoharibika ni mali ya mtu aliyozaliwa nayo. Paulo anatumia kitenzi kuvaa, na nguo hutoka nje ya mwili, mtu huvikwa.

Kuna neno dogo katika mstari wa 53 ambalo nusura lipite bila kuonekana: "Maana sharti huu uharibikao uvae kutokuharibika." Huu. Mwili haukutajwa katika sentensi hiyo, lakini kiwakilishi chetu kinauonyesha kwa upatanisho wake, huu, uharibikao, uvae, kama vile Kigiriki kinavyosema touto. Paulo hakusema huu utupwe, upewe mwingine. Tertuliano, mwandishi wa Karthago katika Afrika ya Kaskazini, aliuona mstari huu mwanzoni mwa karne ya 3. Akaandika kwamba Paulo alipokuwa akisema "huu", alikuwa ameshika ngozi yake mwenyewe.